Potasiamu Isiyokuwa Yake

Hadi leo nikimwona mtu akifungua kofia ya chupa ya damu kwa kidole gumba bila sababu ya maana, mwili wangu wote huwaka. Wenzangu kazini husema nimezidi. Wanasema jambo lilishapita, mama yule alirudi kwake salama, sasa nataka nini tena. Mimi nasema halikupita. Lilifunikwa tu, na waliolifunika bado tunasalimiana nao kila asubuhi langoni.

Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili kwenye maabara ya hospitali moja hapa Kakamega. Si ile kubwa. Yetu ilikuwa na wodi mbili, na maabara yake ilikuwa vyumba viwili vilivyokuwa zamani stoo ya magodoro. Tulikuwa watu wawili zamu ya mchana, mimi na mkuu wangu, mzee aliyebakisha muda mfupi astaafu. Alikuwa mtu mpole, mwenye kuogopa maneno. Kila asubuhi aliwasha mashine ya kemia mwenyewe, akaipitishia zile sampuli za majaribio ambazo majibu yake tunayajua tayari, akayaandika kwenye daftari lake kwa mwandiko mzuri, ndipo akaniambia, "Dada, imeamka vizuri. Anza."

Damu huja kwetu ndani ya vichupa vidogo vyenye kofia za rangi, na rangi hizo hazikuwekwa kwa urembo. Kofia nyekundu ina maana kwamba ndani hamna dawa. Damu huachwa humo igande, kisha tunaizungusha kwenye mashine kwa kasi mpaka maji ya njano yabaki juu, na maji hayo ndiyo tunayopimia chumvi za mwili, figo na ini. Kofia ya zambarau ina maana kwamba ndani kuna dawa ya kuzuia damu isigande, imekaushwa kwenye ukuta wa chupa hata huioni vizuri usipoiinua kwenye mwanga. Hiyo ni ya kuhesabu chembe za damu. Kuna ya kijivu kwa ajili ya sukari. Mambo haya tunafundishwa mwaka wa kwanza chuoni, na yanaandikwa kwenye karatasi ukutani wodini. Karatasi yetu ilikuwa imefunikwa na kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi.

Mama yule alikuwa mkulima wa mahindi kutoka Lumakanda, kule Lugari, mjane wa miaka sitini na kitu. Alikuwa amekuja Khayega kumwona binti yake, fundi wa kushona nguo, akashikwa na homa huko huko. Binti akamleta kwetu Jumanne asubuhi. Mama alitembea mwenyewe kutoka langoni hadi wodini, mkoba wake mkononi. Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu baadaye faili yake iliandikwa kwamba aliletwa akiwa mahututi.

Aliyemtoa damu alikuwa afisa wa kliniki wa zamu, mwanamume wa makamo mwenye sauti nzuri na koti jeupe lililopigwa pasi. Wagonjwa walimpenda. Aliwatania, aliwauliza habari za watoto, alijua nani ametoka wapi. Mimi pia nilimpenda, sikatai.

Vichupa viwili vilinifikia kama saa nne, cha zambarau na chekundu, vyote vina damu ya kutosha. Cha zambarau nilikipeleka upande wa mzee. Chekundu nilikiweka kwenye kibao kigande. Baada ya nusu saa nikakiinua, nikakiinamisha. Kilikuwa kimeganda vibaya. Kulikuwa na donge dogo kama uji uliovunjika, na damu nyingine ilitembea tembea pembeni. Niliona, wala siwezi kusema sikuona. Nilijiambia huenda ni homa, huenda ni damu ya mtu mzima, nikakipa dakika kumi nyingine, nikakizungusha.

Mashine ilipotoa majibu nilidhani nimesoma vibaya. Potasiamu ilikuwa juu mno, kiwango ambacho mtu aliye nacho moyo wake huwa umeshaanza kusimama. Kalsiamu ilikuwa chini hata mashine ikakataa kutoa namba. Nikarudia. Majibu yakawa yale yale. Nikaangalia vipimo vya figo kwenye karatasi hiyo hiyo. Vilikuwa vya kawaida kabisa, kama vya msichana.

Nikamwita mzee. Akavaa miwani, akasoma, akafungua daftari lake.

"Majaribio ya asubuhi yalipita yote," akasema. "Mashine haina shida."

"Mzee, lakini figo ni nzima. Potasiamu hii imetoka wapi?"

"Sisi tunapima. Kutafsiri ni kwa daktari. Hii ni namba ya kuua mtu, dada, usikae nayo. Piga simu wodini."

Nikapiga. Hilo ndilo kosa langu, na nitalieleza kama lilivyokuwa. Nilikuwa nimeona damu haikuganda sawasawa, nilikuwa nimeona figo ni nzima, na bado niliinua simu nikasoma namba ile kama mtu anayesoma matangazo. Afisa akanishukuru. Akasema, "Kazi safi," akakata.

Alichokifanya baada ya hapo nilikuja kukijua kidogo kidogo. Alimwita binti kando akamwambia figo za mama yake zimekufa. Akamwambia ajiandae kwa safari ya Eldoret, kwenye mashine ya kusafisha damu. Akampa orodha ya vitu ambavyo mama hataruhusiwa kula tena: ndizi, maharagwe, viazi, mboga zote za kienyeji. Kisha akaagiza mama adungwe insulini pamoja na dripu ya glukosi, maana insulini huisukuma potasiamu kutoka kwenye damu iingie ndani ya chembe za mwili. Kwa mgonjwa wa kweli ni matibabu sahihi. Lakini alikuwa na karatasi nzima mkononi, na kwenye karatasi hiyo mistari miwili ya figo ilikuwa inapiga kelele kwamba mama huyu hana ugonjwa huo. Hakuisoma. Alisoma namba moja tu.

Mimi nilikuwa nimeendelea na kazi nyingine, lakini ile kalsiamu haikunitoka kichwani. Mtu mwenye kalsiamu ya chini kiasi kile vidole vyake hujikunja, midomo hucheza, hupata kifafa. Saa sita nikamwambia mzee naenda kuchukua damu nyingine. Akaniambia sijaombwa. Nikasema najua, nikachukua sirinji na chupa nyekundu nikaenda.

Nilimkuta mama ameketi kitandani, miguu chini, akimweleza jirani yake wa kitanda cha pili jinsi mvua ya mwaka huu ilivyochelewa Lugari na jinsi alivyopanda mara mbili. Mikono yake ilipepea hewani akionyesha urefu wa mahindi. Vidole vyake vilikuwa vimenyooka sawasawa.

"Wewe ndiye yule wa damu?" akaniuliza alipoona sirinji.

"Ndiyo mama. Mulembe."

"Mulembe, mwanangu. Wamesema figo yangu imekufa. Mimi nalimanga eka mbili na jembe, figo imekufa lini?" Akacheka, lakini macho yake hayakucheka. "Na sasa wamenikataza mrenda na maharagwe. Nitakula obusuma, ugali wangu, na nini? Na hewa?"

Kabla sijamjibu nikaona uso wake unang'aa kwa jasho, jasho jingi la ghafla, na mchana ule wala haukuwa na joto. Akaanza kusema kitu kuhusu mahindi, neno likamponyoka katikati. Akaniangalia kama hanijui. Akalala chali taratibu kama mtu aliyechoka.

Nikaushika mkono wenye dripu. Ulikuwa umevimba kuanzia kwenye kiwiko, mgumu na wa baridi. Sindano ilikuwa imetoka kwenye mshipa, na glukosi yote ilikuwa inaingia kwenye nyama. Insulini alishapewa, nayo hushusha sukari ya mwili. Kilichotakiwa kumlinda hakikumfikia.

"Sista!" nikapiga kelele. "Sista, sukari! Sukari imeshuka!"

Sista alikuwa mmoja tu kwa wodi nzima. Alikimbia huku akivuta trei, akamchoma mama kidole, akaangalia kimashine, akasema, "Yesu." Tulitafuta mshipa mkono wa pili. Ukakataa mara ya kwanza, ukakataa mara ya pili. Ya tatu ukakubali. Sista akasukuma glukosi polepole, mimi nimeshika kichwa cha mama nisijue nimekishikia nini. Jirani yake alikuwa anasali kwa Kiluhya. Sijui zilipita dakika ngapi. Mama alifungua macho, akatuangalia mmoja mmoja, akauliza, "Mvua imeanza?"

Nililia pale pale, na sikuona haya.

Mama alipotulia nikamwomba ruhusa nitoe damu. Nilitoa kwenye mshipa wa mguu, mbali na dripu, kwa sababu damu iliyochukuliwa juu ya dripu nayo husema uongo. Nikaijaza chupa nyekundu moja kwa moja kutoka kwenye sirinji, nikaibeba mwenyewe hadi maabara, nikaikalia kama kuku. Iliganda vizuri, donge moja zima. Kalsiamu ikatoka ya kawaida, na figo nzima vile vile. Potasiamu ikatoka chini kidogo ya inavyotakiwa, kwa maana insulini yetu ilikuwa imeifanya kazi yake. Tulikuwa tumemtibu mama ugonjwa ambao hakuwa nao mpaka tukakaribia kumpa ule wa kinyume chake, wa potasiamu kupungua.

Nikaichukua chupa nyekundu ya asubuhi nikaenda kumtafuta afisa. Nilimkuta ofisini kwake anakunywa chai.

"Daktari, hii chupa uliijaza vipi?"

"Kwa sirinji. Kwani wewe huijaza kwa kijiko?"

"Yote ilitoka kwenye sirinji?"

Akaweka kikombe chini. "Mshipa ulikataa. Hiyo nyekundu ilikuwa imepata tone tu, ya zambarau ikawa imejaa. Nikafungua nikaongeza huku. Shida iko wapi?"

"Umemimina damu ya chupa ya zambarau kwenye nyekundu?"

"Damu ni damu, dada. Imetoka kwa mtu mmoja."

Nikamweleza. Nilimweleza nimesimama. Kwamba dawa iliyomo kwenye chupa ya zambarau ni chumvi ya potasiamu, potasiamu ya kiwandani. Kwamba inazuia damu isigande kwa kuikamata kalsiamu yote, kwa sababu bila kalsiamu damu haiwezi kuganda. Kwamba alipomimina, alimwongezea mama potasiamu isiyokuwa yake na kumnyang'anya kalsiamu aliyokuwa nayo, na mashine yetu ikapima kwa uaminifu kile alichokiweka. Kwamba mtu mzima alikuwa ameketi kitandani anaongea habari za mahindi huku sisi tunaitibu chupa.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa ile sauti yake nzuri, "Mimi nimekuwa nikitoa damu kabla wewe hujazaliwa."

"Basi umekuwa ukikosea kabla sijazaliwa."

Watu wengi wameniambia nilimkosea heshima mtu mzima. Nimelifikiria neno hilo mara nyingi, na bado sijalijutia.

Alisimama akanipita. Nilipofika wodini baadaye nikafungua faili ya mama, nikakuta ameandika kwa kalamu ya bluu: kosa la maabara, majibu si sahihi, vipimo vimerudiwa. Hapakuwa na neno kuhusu chupa. Na juu yake, kwenye ukurasa wa mapokezi, ndipo nilipoona limeongezwa lile neno mahututi, kwa kalamu ile ile ya bluu.

Saa tisa binti alikuja dirishani kwetu. Watu walikuwa kwenye foleni, wengine wameshika vikopo vyao vya mkojo. Alikuwa na futi ya kushonea bado inaning'inia shingoni.

"Ni nani hapa alisema figo za mama yangu zimekufa?" akauliza. "Mnajua nimewapigia wangapi? Ndugu zangu wamelia. Shemeji yake mama, ndugu ya marehemu baba, ameshaniuliza hati ya shamba iko wapi. Mama yangu hajafa, mtu anauliza hati!"

Mzee alinivuta mkono chini ya meza. "Mwambie mashine ilikuwa na hitilafu," akanong'ona. "Itaisha."

Nilitoka nje nikamkabili binti. Nikamwambia hapo hapo kwenye foleni kwamba damu ya mama yake ilichanganywa na dawa ya chupa nyingine, kwamba majibu hayo mimi ndiye niliyeyatoa bila kuuliza ingawa niliona damu haikuganda sawasawa, na kwamba figo zake ni nzima, nimezipima mara mbili. Nilidhani atanipiga. Akashika ile futi kwa mikono miwili.

"Ni nani alichanganya?"

Nikamwambia. Akaenda.

Kesho yake asubuhi tukaitwa kwa msimamizi wa hospitali, mimi, mzee na afisa. Msimamizi alikuwa na karatasi tayari, imeshachapwa. Ilisema kwamba mashine ya kemia ilipata hitilafu ya muda Jumanne asubuhi. Nilitakiwa kuweka sahihi chini.

"Hakuna atakayeumia," akasema. "Mashine haina mshahara, haina familia."

"Lakini mashine haikukosea," nikasema.

"Unataka kumharibia mwenzako kazi kwa sababu ya kofia ya chupa?"

Afisa alikuwa anaangalia dirishani. Nikamwangalia mzee. Alikuwa ameinamisha kichwa, na nilijua hatasema kitu, nikamhurumia na kumchukia kwa pamoja. Ndipo akaingiza mkono ndani ya koti akatoa daftari lake, akaliweka juu ya ile karatasi iliyochapwa.

"Mashine ilipita asubuhi, na nikaipima tena mchana," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Hapa kuna mwandiko wangu. Siwezi kuandika namna mbili."

Sikuweka sahihi. Badala yake niliandika maelezo yangu kurasa mbili, nikaweka kila kitu: jinsi chupa ilivyojazwa, dripu iliyotoka kwenye mshipa, na pia kwamba mimi niliona damu haijaganda vizuri na bado nikatoa majibu. Nilidhani ukweli huandikwa wote. Wiki mbili baadaye barua ya onyo ilitoka, na ilikuwa moja tu, yangu. Walikuwa wamechukua ile sentensi yangu mwenyewe wakainukuu: mtumishi amekiri kwamba aliona dosari katika sampuli. Afisa hakupata barua kwa sababu hakukiri chochote. Hata sasa nikilikumbuka hili nakosa mahali pa kuweka mikono yangu.

Mama aliruhusiwa kwenda nyumbani Alhamisi. Homa ilikuwa malaria, ya kawaida tu, na dawa zake alishaanza kupata nafuu nazo. Nilikwenda kumuaga. Alikuwa amevaa, amefunga kitambaa kichwani, mkono mmoja bado umevimba amejifunika kwa leso. Binti alikuwa nje anatafuta gari.

Nikapiga magoti kando ya kitanda chake. "Mama, nimekuja kukuomba msamaha. Niliona damu yako haiko sawa, nikanyamaza."

"Wewe ulilia siku ile," akasema. "Nilikuwa nakusikia. Nilikuwa mbali, lakini nilikuwa nakusikia." Akaniwekea mkono ule mzima kichwani. "Inuka, omwana wanje. Sakafu ni baridi." Kisha akauliza, "Na yule mwingine? Yule wa koti. Atakuja saa ngapi?"

Nilisema labda ana wagonjwa.

"Nitamngoja," akasema.

Gari lilikuja. Binti akaingia akasema twende. Mama akasema bado. Dereva akapiga honi mara mbili. Kupitia mlangoni tulimwona afisa akipita varandani na faili kwapani, akimtania mtu fulani, akicheka. Mama akanyoosha shingo. Alijiweka sawa kitandani, akavuta leso juu ya mkono uliovimba kama mtu anayetarajia mgeni. Afisa akageuka kona.

Alingoja robo saa nzima. Mimi nilibaki pale nikingoja naye, kazi ikinisubiri, na sikumbuki siku nyingine maishani mwangu ambayo nimekasirika nikiwa nimetulia hivyo. Mwishowe alisimama mwenyewe, akachukua mkoba wake.

"Labda hajui kwamba naenda leo," akaniambia, akatoka.